Daftari la Vitu Nilidhani

Kuna watu wananiuliza nilisomea wapi kurekebisha programu, juu mnajua chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa. Sikusomea mahali. Niko na daftari tu. Ni la jalada gumu, kurasa za mbele zimejaa kalkulasi za muhula wangu wa mwisho, halafu katikati hesabu zinakatika na inaanza: "Duka la chipsi. Ijumaa." Leo wacha niwaambie hiyo ya kwanza, na siipendi.

Kulikuwa na duka la chipsi na kuku pande za Roysambu, linauza usiku kucha. Madam mwenye duka alinipa kazi ya kumtengenezea mfumo wa mauzo. Kila oda inaingizwa kwa tableti, na asubuhi yeye anapata ripoti ya jana kwa simu. Pesa ya droo ilikuwa inahesabiwa saa sita usiku, dada wa zamu ya jioni akimkabidhi kijana wa usiku. M-Pesa tuliweka kando, hiyo ina rekodi zake.

Wiki ya kwanza, ripoti ya Ijumaa ikasema pesa taslimu imepungua 2,300. Siku zingine tofauti ilikuwa ndogo, mia hapa, hamsini pale, hakuna mtu alijali. Ijumaa iliyofuata, 1,950. Madam akanipigia: "Kijana, una uhakika na hii kitu yako?" Nikamjibu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia aibu: "Madam, mashine haina mkono wa kuiba." Dada akakatwa mshahara. Ijumaa ya tatu ikaenda 2,700.

Kumbe huyo dada, tangu akatwe mara ya kwanza, alikuwa ameanza kuandika kila oda kwa kijitabu chake. Saa, kitu kilichouzwa, pesa. Aliponiletea alikuwa ametulia, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaa hapa tulinganishe."

Tukakaa. Oda yake ya kwanza Ijumaa ile alikuwa ameandika saa kumi na dakika kumi jioni, chipsi na robo kuku. Nikaitafuta kwa mfumo. Ilikuwepo, lakini muda ulisoma 13:10. Saa saba mchana, kabla hata hajafika kazini.

Hapo nikajua. Seva huwa inahifadhi muda kwa saa za UTC, na sisi Kenya tuko mbele kwa saa tatu, mwaka mzima. Kwa hivyo siku ya seva inaisha wakati huku kwetu ni saa tisa usiku. Mimi nilikuwa nimekata "siku" kwa saa za seva. Mauzo yote kati ya saa sita na saa tisa usiku yalikuwa yanahesabiwa kwa siku iliyopita, na pesa yake iko kwa droo ya siku inayofuata. Katikati ya wiki huwezi ona, juu usiku mmoja unafanana na mwingine. Lakini usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, Roysambu hailali. Watu wametoka klabu na njaa. Hayo mauzo yote yalikuwa yanaangukia dada aliyeondoka saa sita.

Na Jumapili? Jumapili pesa ilikuwa inazidi. Zamu ilikuwa ya mtu mwingine, na hakuna mtu aliuliza, hata mimi. Nani huuliza pesa ikizidi?

Dada akaniangalia. "Kwa hivyo kompyuta ndiyo ilikuwa inaniibia?" Nikasema hapana, ni mimi.

Kurekebisha ilikuwa mstari mmoja: badilisha muda uwe wa Nairobi kwanza, ndipo ukate siku. Na kitu kibaya zaidi ni kwamba kosa hilo nilikuwa nimeshalipata kabla. Miezi tisa nyuma, kwa mfumo wa beshte yangu wa kupeleka mizigo, oda za usiku wa manane zilikuwa zinaonyesha tarehe ya jana. Nilirekebisha kwa dakika kumi, nikajisikia mkali, nikasahau.

Usiku huo nikatafuta daftari. Tangu hapo kila bagi naiandikia mistari minne: niliona nini, nilidhani nini, ukweli ulikuwa nini, na nani alilipia. Huo wa nne niliongeza kwa sababu ya dada.

Sio kitu nilibuni. Mwaka wa 1947 pale Harvard, wahandisi wa kompyuta ya Mark II walipata nondo ndani ya mashine, wakamgandisha kwa daftari lao la kazi na tarehe, 9 Septemba. Watu husema neno "bagi" lilizaliwa hapo, lakini Edison alikuwa akilitumia karne ya 19. Wale walikuwa wanatania tu. Donald Knuth naye aliandika makosa yake ya programu ya TeX miaka na miaka, halafu mwaka wa 1989 akayachapisha yote, hata ya kijinga. Profesa mzima! Mimi ni nani nifiche yangu?

Nikipitia langu sasa, makosa ya kuandika msimbo vibaya ni machache. Mengi yanakaa kwa mstari wa pili. Nilidhani namba zote za simu zinaanza na 07, na wateja wa 01 wakashindwa kujisajili. Nilidhani Excel itaacha namba kama ilivyo, ikafuta sifuri ya mbele. Nilidhani mtu atabonyeza "lipa" mara moja tu, kama mtandao haujawahi kumganda. AI nayo inasaidia kupata kosa, sikatai. Lakini haijui mimi huwa nadhani nini. Daftari linajua.

Madam alimrudishia dada 6,950 zake, na mimi nikakatwa hizo kwa malipo yangu kwa miezi miwili, sawa kabisa. Lakini mwisho wa mwezi dada aliacha kazi. Aliniambia hawezi kaa mahali walimwangalia hivyo wiki tatu.

Jana nimeandika nyingine. Ripoti moja ilikuwa inahesabu oda zilizofutwa, nikaigundua kabla haijamfikia mteja. Mstari wa nne unasema: mimi, usingizi wa usiku mmoja.