Kila Jawabu Lirejee Kwenye Swali Lake

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani hadi Umoja, nyumba nyingi zina mwanafunzi anayedurusu hesabu baada ya sala ya Isha. Kwetu ni binti yangu wa Kidato cha Tatu, na muhula huu milinganyo ya logi ndiyo iliyomsumbua.

Logi ya namba huuliza: 10 ipandishwe kipeo gani hata ipatikane namba hiyo? Logi ya 100 ni 2. Na kwa kuwa 10, kwa kipeo chochote kile, haizai sifuri wala namba hasi, hizo hazina logi.

Darasani walipewa log x + log (x + 3) = 1. Binti yangu aliziunganisha logi mbili, akapata x(x + 3) = 10, kisha majawabu mawili: 2 na −5. Kila hatua ilikuwa sahihi, lakini −5 haifai. Ukiirejesha kwenye swali, unadaiwa logi ya −5 na ya −2, nazo hazipo. Ilipenya kwa kuwa −5 mara −2 ni 10. Kule kuunganisha kulilificha sharti kwamba kila moja iwe chanya.

Tangu hapo akajiwekea kanuni: "Mama, hasi mimi nazikata tu." Mtihani ukaleta log (1 − x) = 1. Akapata −9, akaikata, akaandika kuwa hakuna jawabu. Alama zikapotea, naye akaanza kusema kuwa hakuumbiwa hesabu. Neno hilo liliniuma kuliko alama.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu iweke −9 mahali pa x." Moja kutoa −9 ni 10, na logi ya 10 ni 1. Jawabu lilikuwa halali. Lilihukumiwa kwa sura yake.

Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kule Baghdad ndicho kilichoipa aljebra jina, aliyakubali majawabu chanya pekee. Kitabu hicho kina pia hesabu za mirathi, na fungu la mrithi haliwezi kuwa hasi. Swali lenyewe ndilo linaloweka sharti.

Mama mwenzangu, hata kama hukusoma logi, muulize mwanao jambo moja kabla hajafunga daftari: "Umelirejesha jawabu kwenye swali la mwanzo?"