Kabla Hujaligusa Hilo Gari

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Picha za hiyo Vitz ya 2003 nimeziangalia zote, na mambo unayotaka kulifanyia hilo gari nimeyasoma: kulishusha, rimu za inchi 16, mafla yenye mlio, taa nyeupe. Sikukatazi. Fedha umeitafuta mwenyewe, na kijana kutaka gari lake lipendeze si kosa. Lakini nimeuza spea Gerezani, huko Dar, tangu hujazaliwa, na nimeona fedha za vijana zinapoishia. Nisikilize kabla hujampa dalali hata shilingi.

Gari lililokwisha kupita mikono mitatu minne huko mjini limeshageuzwa sana kabla hujafika wewe, na yale yaliyogeuzwa na wengine ndiyo yanayonitia hofu kuliko hizo rimu zako. Siku moja lilichemsha, fundi akatoa themostati na kuitupa. Feni nayo akaifunga dairekti, ikawa inazunguka muda wote funguo ikiwa imewashwa. Kulanti ilipopungua wakaongeza maji ya bomba. Masega ya ekzosi yakatolewa yakauzwa. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, mtu akaiziba ili mnunuzi asiulize maswali.

Hebu nikueleze hiyo themostati, maana kila wiki nilibishana na watu dukani kwa ajili yake. Huambiwa kwamba nchi yetu ya joto haiihitaji. Si kweli. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwenye gari hizi nyuzi kama 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, na ukiwa barabara kuu inaweza isifike kabisa. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Petroli isiyoungua inateremka na kuchanganyika na oil, oil inakuwa nyepesi, injini inalika. Mwenye gari analalamika Vitz inakunywa mafuta, anabadilisha plagi, anabadilisha koili, na kidude cha bei ndogo kimekosekana pale pale. Na kilichochemsha gari mwanzoni, iwe rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, hakuna aliyekigusa.

Kwa hiyo nenda ukalikague mwenyewe, asubuhi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ukikuta joto, ondoka urudi siku nyingine, maana gari lililopashwa moto huficha moshi na makelele. Geuza funguo hatua moja kabla ya kuwasha, utazame dashibodi. Taa ya injini, ya oil na ya eabegi zote lazima ziwake. Ukiwasha injini, zizime. Ile ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kuulizia, kwa sababu kuna mtu ameifanya isiwake. Sikiliza mlio wa kwanza wa injini. Kwa miaka hiyo Vitz ya lita moja inatumia mnyororo, haina mkanda wa taimingi, hivyo dalali akikuapia kwamba mkanda umebadilishwa juzi, jua hata mengine anayokwambia anakariri tu.

Kisha fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo yake. Gari za Japani mara nyingi hubaki na kikaratasi kilichobandikwa na gereji ya kule siku ya kumwaga oil. Maandishi hutayajua lakini namba utazisoma. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa kalenda yao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona 22 hapo, ni 2010. Ukikuta kikaratasi kinasema mwaka wa 22 gari lilikuwa na kilomita 98,000, na leo dashibodi inasoma 76,000, huna haja ya kubishana na mtu. Aga uondoke. Vioo pia vitazame kimoja kimoja pembeni chini. Vyote vikiwa na chapa moja isipokuwa kimoja, uliza hicho kilivunjwa na nini. Kwenye tairi tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya umri huo hata ikiwa na meno mazuri, hesabu bei ya mpya.

Eabegi usiipuuze. Vipulizi vya eabegi vya kampuni ya Takata vilitumia amonia naitreti, ambayo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, halafu siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa hilo. Mwaka 2015 Toyota ilitangaza kuyaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa, Corolla na Vitz zikiwamo. Dar ni joto na unyevu mwaka mzima. Chukua namba ya chasisi, mpelekee wakala rasmi wa Toyota, uliza kama gari hilo limo na kama lilishatengenezwa.

Karatasi unazijua, sitakuchosha. Kadi iwe na jina la anayekuuzia, umiliki uhamishwe TRA, na kabla ya kulipa angalia kama namba ya gari haidaiwi faini za trafiki na maegesho. Ukibadilisha rangi au injini, nayo hupelekwa TRA ikaandikwe.

Sasa hayo unayotaka. Kulishusha kwa kukata springi, hapana, na hapo nakataa kwa nguvu zote. Springi iliyokatwa hailingani tena na shokomzoba, na gurudumu likining'inia kwenye shimo inaweza kuhama kwenye kikalio chake. Kuna mteja wangu aliyeshushiwa gari hivyo. Tuta moja likapasua sampu, oil yote ikabaki barabarani, naye akaendelea kuendesha mpaka injini ikanoki. Rimu za inchi 16 kwenye gari lililotoka kiwandani na inchi 13 au 14 zinadai tairi zenye ubavu mfupi, na mashimo yetu unayajua. Ukitaka lipendeze, tafuta rimu nzuri za inchi 14 zenye tairi za kipimo chake.

Taa hazihitaji balbu za kuchoma macho ya watu. Kioo cha taa kimeumbwa kwa balbu ya haloji. Ukiweka nyingine isiyolingana, mwanga unatawanyika, unayekutana naye haoni na wewe mwenyewe barabara huioni. Plastiki ya nje imekuwa ya njano tu. Isuguliwe kwa msasa laini na maji, ipigwe polishi, utashangaa. Mafla haiongezi kitu kwenye injini ya nguvu za farasi 70. Kama roho yako inataka mwendo, ngoja upate Vitz RS ya lita 1.5, Toyota wenyewe waliitengeneza kwa ajili hiyo, breki na springi zake zinalingana na injini.

Ushauri wangu wa fedha ni huu. Una milioni tisa: tafuta gari la milioni saba. Mbili zilizobaki zirudishe gari lilivyotoka kiwandani, kwa mpango huu: breki na tairi kwanza, halafu themostati, rejeta kusafishwa na kulanti halisi, feni irudishwe kwenye waya zake, halafu bushi na shokomzoba. Kinachosalia ndiyo kiende kwenye rimu na redio, na hapo sina neno.

Nitumie namba ya chasisi na picha ya kikaratasi cha mlangoni kabla ya Jumamosi. Nitampigia fundi mmoja wa Ilala ninayemwamini akusindikize. Mlipe nauli na siku yake, usimfanye akufanyie kwa kujuana. Mama yako mwambie zile nazi zinakuja na basi la Jumapili.

Ni mimi shangazi yako.