Imani Ikipotea, Hupotelea Wapi?



Ndugu yangu, leo nazungumza na wewe unayeswali huku moyo umekauka, na wewe uliyeacha kabisa kuswali lakini bado unapita hapa kusoma. Usiogope, sitakuita jina baya. Swahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kuwa nafsini mwao hupita mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka. Hakuwafukuza. Aliwaambia kuwa kule kuyaona mazito ndiyo imani ya wazi. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Na Nabii Ibrahim (a.s.), kipenzi cha Allah, aliomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyofufuliwa. Aliamini, ila alitaka moyo wake utulie. Rejea Suratul Baqara, aya ya 260.

Sasa nikupe habari za mtu ambaye huenda kitabu chake kimo kabatini kwa baba yako. Imam al-Ghazali, mwenye Ihyaa, mzaliwa wa Tus mwaka 1058. Sisi wa madrasa tumezoea kumtaja kama mlima usiotikisika. Lakini alipovuka miaka 50 aliandika kitabu, al-Munqidh min al-Dalal, akaeleza humo jinsi alivyotikisika, tena si mara moja.

Alianza na swali ambalo kijana wako analiuliza leo bwenini chuoni: mbona watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi hukua Mayahudi, na wetu hukua Waislamu? Basi mimi nina imani, au nina urithi tu? Akalifuata swali hilo mpaka akayatilia shaka macho yake mwenyewe, kwa sababu jicho huiona nyota ndogo kama dinari na hesabu inasema ni kubwa kuliko ardhi. Kisha akaitilia shaka hata akili. Karibu miezi miwili alikaa katika hali hiyo, ndani kwa ndani, bila kumwambia mtu.

Alitokaje? Hapa tulia kidogo. Hakutoka kwa hoja, na hakuna aliyemzidi kwa hoja zama zile. Anasema kila dalili hujengwa juu ya mambo ya msingi, na ya msingi ndiyo yaliyokuwa yamemponyoka. Ilikuwa nuru aliyoitia Allah kifuani mwake. Imani ya kurithi ameifananisha na chupa: ikishavunjika haiungiki kwa viraka, ni mpaka iyeyushwe motoni iundwe upya. Kwa hiyo wewe unayeona imani yako ya utotoni imepasuka, pengine uko motoni sasa hivi. Usiondoke.

Mara ya pili ilikuwa Baghdad, mwaka 1095. Alikuwa mkuu wa darsa katika Nidhamiyya, wanafunzi kwa mamia. Akajikagua nia, akaona anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Miezi sita akavutana na nafsi yake, mpaka ulimi ukafunga, hawezi kusomesha, chakula hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Akagawa mali, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaondoka kwenda Sham. Msikiti wa Damascus alikuwa akipanda mnarani na kujifungia mchana kutwa.

Tazama tofauti. Shaka ya akili na ukavu wa moyo ni maradhi mawili, na dawa zake mbili. Mahubiri yetu mengi yanatoa dawa moja kwa wote, nayo ni vitisho.

Na liko la tatu, ambalo mimi naliona zaidi msikitini kuliko hayo mawili: kidonda. Mtaani kwetu baba mmoja alifiwa na mtoto. Matanga hayajaanuliwa, mtu akamwambia asilie, analia kwa kukosa subira, na ajitazame amemkosea nini Mola. Yule baba hakukanyaga msikitini karibu mwaka mzima. Watu wakasema ameritadi. Hakuwa na shaka hata moja ya falsafa! Alikuwa amesingiziwa Mola mkatili, akamkataa huyo. Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka mbele za watu, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhi Mola. Lau yule bwana angelimfikishia mfiwa hilo tu.

Aliyemrudisha ni mzee mmoja muuza kahawa. Kila baada ya alasiri alikwenda kukaa naye barazani, wakinywa kahawa, wakizungumza mvua na bei ya samaki. Hakumtajia dini. Siku moja yule baba mwenyewe akauliza, maghribi siku hizi inaingia saa ngapi?

Basi nini cha kufanya wewe? Kama una swali, mtafute mwenye elimu asiyekasirika haraka. Akikufokea, huyo hana jibu, tafuta mwingine. Kama moyo umekauka, punguza kuonekana: mbili rakaa usiku ambazo hata mkeo hajui. Na kama umeumia, mwambie Allah umeumia, kwa Kiswahili chako, hata kama unachoweza kusema ni "Kama unanisikia, nishike." Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Mola mpaka macho yakapofuka, na alibaki Nabii. Usingoje kwanza uhisi ndipo uswali. Mgonjwa hali kwa sababu ana hamu.

Na nyinyi wazazi, mtoto akikuambia, "Mama, mimi siamini tena," msimfukuze nyumbani. Mtoto huyo amekuamini wewe kuliko alivyowaamini wengine wote. Mpakulie chakula, muulize yalianza lini, na usimkatize.

Mimi baada ya isha hubaki barazani kwa msikiti mpaka saa tatu. Anayetaka kuzungumza aje, hata kama hana udhu.

Wabillahi taufiq.