Kutoka Kasongo hata Kabambare: Habari za Viatu na Jina Jema

Mtu atakaye kuijua nchi ya Maniema ya kusini, na aitazame kwanza miguu ya watu wake. Kutoka mji wa Kasongo, usio mbali na mto Lualaba, mpaka Kabambare upande wa mashariki, ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Pikipiki hupita, na malori hupita pale barabara inapoyaruhusu; lakini watu wengi sana huenda kwa miguu yao. Mwenye mpunga, karanga au mawese ya kupeleka sokoni huufunga mzigo juu ya baiskeli, kisha huisukuma tangu alfajiri hata jua kuchwa, maana juu ya baiskeli hiyo haikubaki nafasi ya kukaa mwenyewe. Wakati wa kiangazi njia ni vumbi na changarawe; mvua zikija ni tope jekundu na madimbwi. Katika njia ya namna hiyo kiatu si pambo. Ni chombo cha kazi, kama jembe na panga.

Basi tulipoishika njia hiyo tulijiwekea maswali matatu: Viatu hivi tunavyoviona vyatoka wapi? Ni nani avitengenezaye? Navyo vikichakaa, huenda wapi?

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba njia hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika, ikapita Kabambare hata kufika Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliouzwa walipita hapa, wamefungwa shingoni, miguu mitupu. Mambo hayo yaliendelea hata majeshi ya Dola ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yalipouteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Nabii Amosi aliwakemea matajiri wa Israeli kwa sababu walimwuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Mwenye kuisoma habari hiyo akiwa Kasongo hawezi kudhani kwamba ni habari ya nchi ya mbali.

Hata wageni waliujua uchungu wa njia hii miguuni mwao. Mwaka 1870 David Livingstone, yule msafiri Mskoti, alilala Kabambare, mji alioandika kwa jina la Bambarre, akiwa na vidonda vibaya vya miguu. Tangu tarehe 22 Julai hata tarehe 10 Oktoba hakuweza kutoka katika nyumba yake. Ni siku 80 kamili. Mtu huyu alikuwa amekwisha kupita katikati ya Afrika toka bahari hata bahari, lakini vidonda vya nyayo vilimfunga kama mnyororo.

Leo biashara ile mbaya imekwisha, lakini mguu mtupu ungali na adui zake. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa ngozi ya unyayo, ikanywa damu ya mtoto mpaka akawa mlegevu darasani. Tekenya huchimba vidoleni. Mwiba au msumari wenye kutu waweza kuleta pepopunda. Kwa hiyo mzazi amvikaye mtoto wake viatu hamfuati Mzungu wala hafanyi fahari, amlinda.

Sasa tuingie sokoni Kasongo. Viatu vingi vinavyouzwa ni ndara za plastiki zitokazo viwanda vya mbali. Bei yake ni ndogo, na rangi zake zapendeza. Lakini katika changarawe ya Maniema hazidumu: ukanda wang'oka, soli yapasuka, kisha ndara yatupwa jalalani. Kando yake, chini ya kibanda, hukaa fundi. Mbele yake pana kisu kikali, nyundo, msharasi, misumari midogo, na kopo la maji. Nyuma yake yamelala matairi yaliyokwisha. Yeye ndiye atengenezaye ndara za mpira wa gurudumu, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita katambuga, na watu wa Kenya huziita akala.

Tulikaa naye tukaitazama kazi yake. Kwanza hulichagua tairi. Lile lenye nyuzi za nailoni ndani yake hukatika vizuri. Lile lenye nyuzi za chuma huharibu kisu, na ncha ya waya yaweza kumchoma mvaaji baadaye. Kisha huweka kalibu ya unyayo juu ya mpira, akaikata soli, huku akikilowesha kisu kwa maji ili kiteleze. Ukanda aukata katika mpira wa ndani, ulio laini. Hutoboa tundu ubavuni mwa soli, hupitisha ukanda kwa nguvu, na mpira wenyewe huubana. Hapo hapo kandambili za plastiki za jirani zaletwa naye azitengeneza pia: hukitia kisu katika makaa, akaiunga plastiki kwa moto.

Kazi hiyo ina elimu zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti hupata nguvu, haulainiki kwa joto wala haukauki kwa baridi. Lakini mpira uliopikwa hivyo hauyeyuki tena kama nta, wala haugeuzwi kwa urahisi kuwa kitu kipya. Tairi likitupwa hukaa miaka mingi, hushika maji ya mvua, na mbu huzaa humo. Likichomwa, moshi wake mweusi ni sumu. Basi yule alikataye kulifanya viatu ametenda jambo la hekima.

Tena kisa cha mpira chatuhusu sisi Wakongo kwa namna ya pekee. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya gurudumu lenye upepo, na mara dunia yote ikataka mpira. Katika Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, wanavijiji walilazimishwa kuugema katika mitambaazi ya msituni. Waliopungukiwa walipigwa, wake zao walishikwa, na wengi waliuawa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Ubelgiji ulipoitwaa nchi mwaka 1908. Mpira ulitoka Kongo kwa machozi. Siku hizi mpira mwingi wa dunia hulimwa katika Asia, nao hutufikia sisi katika magurudumu ya malori. Yafaa basi kwamba ukiisha kuchakaa usitupwe bure, bali uilinde miguu ya watu ambao babu zao waliulipa kwa damu.

Tulimwuliza fundi, “Baba, mbona hutii alama yako katika viatu?”

Akajibu, “Mwalimu, ya nini? Hapa sokoni wote wananijua. Ukanda ukikatika, mtu anarudi, naufunga bila malipo. Kiatu nilichouza nitakiona tena.”

“Na huko Kabambare?”

Akanyamaza kidogo, akasema, “Huko hawanijui.”

Neno hilo tulilitafakari njia nzima. Nasi tulipofika Kabambare tuliona maana yake. Mchuuzi mmoja alikuwa ametandaza ndara za mpira chini, jozi nyingi zimechanganyika. Nyingine zilikuwa za fundi mwangalifu, soli ni nene na kando zimesuguliwa. Nyingine zilikuwa za haraka haraka, mguu wa kulia si ndugu wa kushoto, na vichwa vya misumari vyaonekana. Bei ilikuwa moja. Mama mmoja, alipotuona twazishika, alituambia, “Msinunue, baba zangu. Zile za Kasongo zilimchoma mtoto wangu.” Tulimwuliza ni fundi yupi aliyezitengeneza. Hakujua. Hata angalijua, asingalisafiri kilomita 100 na zaidi kwenda kumshitaki.

Tazameni basi hasara ya pande mbili. Mama alipoteza fedha yake, na mtoto akapata kidonda. Fundi mwema wa Kasongo naye alilaumiwa kwa kosa la mwingine. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema kisicho na jina huuzwa pamoja na kibaya, tena kwa bei ya kibaya. Alama juu ya kiatu ni uso wa fundi mahali asipofika mwenyewe.

Jambo hili laweza kufanyika, maana limefanyika Afrika yetu. Mwaka 2004, mjini Addis Ababa, katika mtaa maskini wa Zenabwork, mwanamke wa Ethiopia aitwaye Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha karakana ya viatu. Tangu zamani watu wa nchi yake walivaa viatu vyenye soli za tairi. Yeye hakuviona kuwa ni vya aibu. Alizichukua soli zile zile, akaziunganisha na kitambaa cha pamba kilichosokotwa na kufumwa kwa mikono, akavipa vipimo sawa na jina moja, soleRebels. Viatu hivyo viliuzwa hata nje ya Afrika. Mpira haukubadilika. Kilichoongezwa ni usawa wa kazi, na jina ambalo mwenyewe alikubali kulijibia.

Je, mafundi wa Kasongo na Kabambare waweza nini? Hawana umeme wa uhakika wala barabara njema, nasi hatutawapa ndoto za Addis Ababa. Twasema mambo yaliyo mkononi mwao. Na waungane kwanza, hata watano au sita, wakubaliane kalibu moja kwa kila kipimo cha mguu, ili jozi iwe jozi kweli. Wachague alama moja, waichome kwa chuma cha moto chini ya soli, nayo isitiwe mpaka mwenzake mmoja amekikagua kiatu kwa kidole, ndani na nje. Tena wapatane na fundi mmoja aliyeko Kabambare, ili kila kiatu chenye alama hiyo kitengenezwe huko kikiharibika, na gharama ya mwezi wa kwanza iwe juu ya ushirika. Hapo yule mama atakuwa na mahali pa kwenda.

Mwisho, wakipokee kiatu kilichochakaa kabisa, na mwenye kukirudisha apunguziwe kidogo bei ya kipya. Soli iliyolika yafaa bado kuwa bawaba ya mlango au kipande cha kuzuia mzigo usikwaruze baiskeli. Ndio ule mpango ambao wataalamu huuita uchumi wa mzunguko: kitu kisiende jalalani maadamu kingali na kazi. Hatudai kwamba hakitabaki kitu. Mabaki madogo yatakuwapo. Lakini tofauti ya gunia la taka na konzi moja ni kubwa.

Watu watasema kwamba ndara ya plastiki ni rahisi. Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme ya plastiki hukaa miezi 3, na ile ya mpira iliyotengenezwa vema hukaa mwaka 1, kwa bei mara 2. Aliyenunua plastiki atanunua mara 4 katika mwaka huo. Amelipa maradufu ya mwenzake, na fedha yote imekwenda mbali, wala haikumfundisha kazi kijana hata mmoja wa Maniema.

Nao vijana ndio tuwafikirio zaidi. Wengi wanaondoka vijijini wakiwa wadogo, waende kuchimba dhahabu Salamabila na mahali pengine pa Kabambare. Wengine hurudi na kitu, wengine hurudi na ugonjwa, wengine hawarudi. Kisu na kalibu havimtajirishi mtu kwa siku moja, lakini humlaza kwake kila usiku, na kumwachia ufundi ambao vita havimnyang'anyi akikimbia.

Katika waraka wake Laudato si', uliotolewa mwaka 2015, marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliisikitikia desturi ya kutumia na kutupa, akatuonyesha kwamba katika uumbaji wa Mungu mabaki ya kimoja huwa riziki ya kingine, ambapo viwanda vyetu havijajifunza bado kufanya hivyo. Alionya pia kwamba anayezoea kutupa vitu hufikia kuwatupa na watu. Sisi wa njia hii ya Kabambare tunalijua neno hilo kwa habari za mababu.

Imebaki aibu. Twajua wazazi ambao huziacha ndara za mpira nyumbani siku ya Jumapili, wakaja misa miguu mitupu kuliko kuonekana nazo. Kwa nini? Katika mfano wa mwana mpotevu, baba aliamuru mwanawe avikwe viatu, maana mtumwa alikwenda miguu mitupu, na mwana wa nyumba alivaa. Hakuna aliyeuliza viatu vile vilikuwa vya ngozi gani. Basi mvae, njoni Kanisani bila haya.

Tarehe 25 Oktoba hukumbukwa watakatifu Krispini na Krispiniani, mashahidi, wasimamizi wa mafundi wa viatu. Twawaomba mapadre wa parokia wawakumbuke mafundi wetu siku hiyo katika misa. Nanyi wanafunzi, mkipita penye kibanda cha fundi, salimuni, mkaangalie kazi. Na ninyi mafundi, kabla ya kiatu kutoka mkononi kwenda Kabambare, kipimeni kama kwamba atakayekivaa ni mtoto wenu, kisha tieni jina.