Jones au Ngannou: ubishi wa komuni ya Kenya juu ya pambano lisilo na tarehe

LUBUMBASHI, Desemba 2024 – Katika komuni ya Kenya, chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba ya kinyozi mmoja, kuna ubishi ambao haujaisha tangu katikati ya Novemba. Si juu ya Mazembe na Lupopo, sawa vile watu wangefikiri. Ni juu ya watu wawili wanaoishi mbali sana na Katanga: Jon Jones wa Marekani na Francis Ngannou wa Kameruni. Hawajapigana hata siku moja. Hakuna mkataba, hakuna tarehe. Lakini hapa Kenya vijana wamekwisha kuwapiganisha mara mia.

Ubishi ulianza Jumapili asubuhi, tarehe 17 Novemba. Huko New York ilikuwa bado usiku wa Jumamosi. Hapa kwetu jua lilikuwa limekwisha kutoka na watu walikuwa wanajiandaa kwenda kanisani. Vijana saba walichanga franka za kununua mega, wakaizunguka simu moja iliyoegemezwa kwenye kioo cha kinyozi. Katika raundi ya tatu, Jones alijigeuza na kumpiga Stipe Miocic teke la kisigino kwenye mbavu. Miocic akainama, mwamuzi akasimamisha pambano. Jones alibaki na mkanda wa UFC wa uzito wa juu.

Kabla watu hawajatawanyika, dereva mmoja wa pikipiki alisema: «Huyu hakuna mtu wa kumpiga.» Kijana mwingine, mchimbaji aliyekuwa ametoka machimbo ya upande wa Kambove kwa mapumziko, akajibu: «Yaya, wewe umemsahau Ngannou.»

Basi pale pale wakawekeana dau. Kila mmoja franka 100,000. Pesa zikawekwa mkononi mwa kinyozi, mzee wa miaka 66 ambaye watu wote wa avenyu wanamwamini. Sharti lilikuwa fupi: siku Jones na Ngannou watakapokutana, anayesema kweli atachukua zote. Na anayejitoa kabla ya siku hiyo amepoteza.

Franka 100,000 si kitu kidogo kwa mchimbaji. Lakini kwake yeye jambo lile halikuwa mchezo. Ngannou alizaliwa mwaka 1986 huko Batié, magharibi mwa Kameruni. Akiwa bado mtoto alifanya kazi ya kuchimba mchanga ili apate pesa za shule. Mwaka 2012 aliacha nchi yake, akapita jangwani hadi Moroko, akarudishwa mara nyingi na askari wa mpakani kabla ya kufika Hispania, ambako aliwekwa kizuizini. Alipofika Paris alilala mahali pa kuegesha magari. Alikwenda kutafuta ngumi za kawaida, akakutana na mchezo wa MMA. Mwisho wa mwaka 2015 alikuwa tayari ndani ya UFC. Mtu anayeamka saa kumi za usiku kushuka shimoni na kamba kiunoni hahitaji kuelezwa kwa nini anampenda mtu kama huyo.

Lakini kupenda ni jambo moja, na kutabiri ni lingine. Tuyaangalie mambo kwa utulivu.

Kwanza nguvu. Hapo hakuna ubishi. Kati ya Novemba 2018 na Mei 2020, Ngannou aliwaangusha watu wanne mfululizo: Curtis Blaydes kwa sekunde 45, Cain Velasquez kwa sekunde 26, Junior dos Santos kwa sekunde 71, na Jairzinho Rozenstruik kwa sekunde 20. Ukizijumlisha zote haufiki dakika tatu. Na siku ya tarehe 27 Machi 2021 alimlaza Miocic mwanzoni mwa raundi ya pili, akawa bingwa. Hata Tyson Fury, bingwa wa ngumi mwenye umbo kubwa kama mlima, alianguka chini katika raundi ya tatu huko Riyadh mwezi wa Oktoba 2023, ingawa waamuzi walimpa Fury ushindi wa pointi.

Pili, ujanja. Hapo Jones yuko peke yake. Alipata mkanda wa uzito mwepesi wa juu mwezi wa Machi 2011 akiwa na miaka 23, na hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa UFC akiwa mdogo kuliko yeye. Amepoteza mara moja tu, mwaka 2009, tena kwa kuondolewa na mwamuzi juu ya kutumia kiwiko kwa njia isiyoruhusiwa, si kwa kupigwa. Ni kweli jina lake lina madoa: ushindi wake wa mwaka 2017 juu ya Daniel Cormier ulifutwa kwa sababu ya dawa iliyokatazwa. Hilo halifichwi. Lakini ndani ya uzio anajua kumsoma mtu. Mikono yake ni mirefu, karibu sentimita 215, na ana teke baya la kusukuma goti la mwenzake kutoka mbele. Hapo ndipo wapenzi wa Ngannou wanapopaswa kuogopa, maana goti la Ngannou limekwisha kufanyiwa upasuaji, mwaka 2022.

Tatu, watu waliopigana na wote wawili. Mwenye pikipiki anapenda sana hoja hii. Anasema Ngannou alipigana na Ciryl Gane raundi tano nzima kabla ya kushinda kwa pointi, lakini Jones alimmaliza Gane kwa kabali ndani ya dakika mbili na sekunde nne. Basi Jones ni bora. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini ina shimo. Ngannou aliingia kupigana na Gane, Januari 2022, goti likiwa limekwisha kuumia. Alipoona ngumi hazifiki, aligeuka mcheza mieleka, akamwangusha mwenzake mara kadhaa na kumlalia. Hapo alionyesha jambo ambalo hakuwa nalo mwaka 2018, alipopoteza kwa Miocic kwa sababu ya kuangushwa na kuchoka. Tena Miocic ambaye Jones amempiga mwezi uliopita ana miaka 42 na alikuwa hajapigana tangu siku ile Ngannou alipomlaza. Kumpiga mtu leo si sawa na kumpiga miaka mitatu nyuma. Mtu A akimshinda B, na B akimshinda C, haimaanishi A atamshinda C. Wapenzi wa mpira wanalijua hilo vizuri.

Nne, saa. Jones ana miaka 37, Ngannou 38. Wote wawili si vijana tena. Mwezi wa Machi mwaka huu Anthony Joshua alimlaza Ngannou vibaya katika raundi ya pili ya pambano la ngumi. Mwezi uliofuata Ngannou alimzika mtoto wake, aliyekuwa na miezi 15 tu. Watu wengi walifikiri hatarudi. Alirudi tarehe 19 Oktoba katika shirika la PFL, akamwangusha Renan Ferreira, Mbrazili wa zaidi ya mita mbili, na kummaliza kwa ngumi pale chini katika raundi ya kwanza. Kwa hiyo mkono bado uko. Kinachoulizwa ni pumzi.

Kinyozi hakuongea mengi siku za kwanza. Siku moja, akiwa ananoa wembe, aliwaambia juu ya mwaka 1974. Alikuwa na miaka 16. Baba yake aliwaamsha kabla ya kucha ili wasikilize redio, kwa sababu pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilianza saa kumi za usiku kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani waweze kulitazama jioni yao. Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kwa KO. Wenye hesabu wote walisema Ali atakufa. Ali akaegemea kamba, akaacha apigwe, raundi baada ya raundi, hadi mikono ya Foreman ikawa mizito. Raundi ya nane, Foreman akaanguka.

«Sasa niambieni, wanangu,» kinyozi akauliza, «katika hawa wenu wawili, Foreman ni nani?»

Mchimbaji alinyamaza. Alielewa kwamba mwenye ngumi nzito, yule anayemaliza watu mapema, anafanana na Ngannou kuliko Jones. Wakongomani walimwimbia Ali mwaka ule. Kumbe walimwimbia yule aliyejua kusubiri.

Basi ukitoa moyo pembeni, utabiri unakuwa hivi. Pambano la mkanda ni raundi tano za dakika tano. Katika dakika tano za kwanza, Ngannou anaweza kummaliza mtu yeyote aliye hai, na Jones pia ni mtu. Jones analijua hilo, hatasimama karibu. Atazunguka, atapiga goti, atashika kiuno, atamsukuma kwenye uzio ili mikono ile mikubwa ichoke. Raundi ya pili ikipita na Jones bado amesimama, mambo yamegeuka. Kabali katika raundi ya tatu au ya nne, ama pointi. Akilazimishwa kutaja jina moja, mtu anayehesabu bila mapenzi atataja Jones. Akiambiwa aweke pesa zake za kula, atataja Jones na mikono itatetemeka, kwa sababu ngumi moja ya Ngannou inaweza kuchana hesabu zote.

Lakini kuna swali lingine: pambano lenyewe litakuwepo? Mkanda wa Jones ni wa UFC. Ngannou ni mtu wa PFL. Januari 2023 Ngannou alitoka UFC akiwa bado bingwa, jambo ambalo halionekani mara nyingi. Alikuwa ameomba haki ya kuwa na wadhamini wake, bima ya matibabu kwa wapiganaji, na mtu wa kuwatetea kwenye mikutano. Hawakuelewana. Wakubwa wa UFC walisema walimtolea pesa nyingi, na kwamba hataki kupigana na wenye nguvu. Mkanda ukawekwa huru, Jones akauchukua. Tangu hapo kuna wanaosema Ngannou alikimbia.

Neno hilo, kukimbia, ndilo lililorudi chini ya mwembe wiki ya kwanza ya Desemba. Mtoto wa mchimbaji, msichana wa miaka miwili, alishikwa na homa kali usiku. Nyumbani hapakuwa na kitu. Mnunuzi wa depo alikuwa bado hajalipa gunia la mwisho, na bei aliyoitaja ilikuwa nusu ya ile waliyopatana. Mchimbaji alikwenda kugonga mlango wa kinyozi saa nne za usiku kuomba franka zake 100,000.

Kinyozi alimwita mwenye pikipiki, kwa sababu dau ni la watu wawili. Huyu alifika na usingizi machoni. Alisema: «Tulipatana. Anayejitoa amepoteza.»

Mchimbaji akajibu polepole: «Yaya, Ngannou alitoka na mkanda wake bila kupigwa. Wewe mwenyewe unasema alikimbia. Mimi ninasema aliona bei si yake, akaenda. Leo mimi pia ninatoka. Ukitaka kuniita mkimbizi, niite. Mtoto anawaka.»

Kinyozi hakungoja wamalize. Alifungua kisanduku cha nyembe, akatoa pesa zote, akamrudishia kila mtu zake. Akasema: «Pambano lisilo na tarehe haliwezi kushika dawa ya mtoto.»

Mwenye pikipiki alizitazama pesa zake kidogo, akazitia mfukoni. Kisha akawasha pikipiki. Mama na mtoto walipanda nyuma, baba akafuata kwa miguu hadi kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Mtoto alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani akiomba bukari. Mwenye pikipiki hakuomba pesa ya safari.

Dau sasa limekwisha, ubishi haujaisha. Jumamosi iliyopita mwenye pikipiki alikuwa bado anasema Jones, raundi ya tatu. Mchimbaji alikuwa bado anasema Ngannou, raundi ya kwanza, ingawa alikubali kwamba ikifika ya tatu yeye mwenyewe atafunga macho. Jumatatu alipanda gari kurudi Kambove. Kabla ya kupanda alimwambia kinyozi kwamba safari hii yeye na wenzake watapeleka gunia kwenye depo mbili kabla ya kukubali bei.

Kuhusu Jones na Ngannou, simu ya kinyozi ina chaji na vijana wanaendelea kuweka franka za mega pembeni. Siku tarehe ikitangazwa, chini ya mwembe patajaa kabla jogoo hajawika.