Farasi Aliyemdanganya Mama Yake

Sina budi kuungama jambo ambalo watu wa rika langu huenda wakalicheka: mimi napenda katuni. Wala sisemi zile za kuwatuliza watoto jioni. Nasema tamthilia ya katuni iliyotungwa kwa ajili ya watu wazima, yenye ulevi, ndoa zinazovunjika na majuto ya uzeeni, na ambayo hata hivyo humchekesha mtu hadi akashika mbavu.

Tamthilia hiyo ni BoJack Horseman, ya Kimarekani. Mtungaji wake ni Raphael Bob-Waksberg, na sura za wahusika zilibuniwa na Lisa Hanawalt. Ilianza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2014. Shujaa wake, kama anastahili jina hilo, ni farasi aendaye kwa miguu miwili na kuvaa koti. Zamani, katika miaka ya 1990, alikuwa nyota wa mchezo wa televisheni juu ya farasi anayewalea mayatima watatu. Sasa umaarufu umekwisha na fedha zimebaki. Anakaa katika nyumba kubwa kilimani huko Los Angeles, anakunywa, na kuwaumiza wale wale wanaompenda.

Aliyenifikisha huko ni binti yangu, mwaka 2016, Netflix ilipofunguliwa kwa nchi zetu. Nilikataa kwanza.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu mzima na mvi hizi, nikae nimsikilize farasi akizungumza?"

"Baba, si wewe uliyekuwa ukitusimulia Sungura na Fisi?"

Nikakosa jibu. Hadithi hizo nilizipata kwa mama yangu, Pangani, kabla sijaanza shule. Fisi alikuwa mlafi, Sungura mjanja, na hakuna mtoto aliyeuliza Fisi alijifunzia wapi kusema. Tulijua kwamba anayesemwa ni jirani, au ni sisi wenyewe. Basi nikaketi, nikatazama.

Msimu wa nne ulitoka siku ya Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2017, sehemu zote 12 kwa mpigo mmoja. Ndugu msomaji, kuna raha katika kungojea kitu ambacho unajua kitakuja. Nilikuwa nimenunua bando mapema na binti yangu amepika kashata. Tulipatana kutazama sehemu mbili kila usiku, mama akishalala, maana wakati huo alikuwa akikaa nasi Tanga. Kila sehemu ni kama dakika 25, kwa hiyo hatukukesha.

Tulicheka sana msimu ule. Katika sehemu ya kwanza farasi mwenyewe hayupo. Anayetawala ni rafiki yake, mbwa mchangamfu aitwaye Mr. Peanutbutter, anayetaka ugavana wa California na anayedhani kiti hicho kinaweza kuamuliwa kwa mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Utamu mwingine umo pembeni mwa picha: mabango yenye maneno ya mzaha, wapita njia wanaotenda kama watu kisha ghafla wakakumbuka kwamba wao ni wanyama. Binti yangu alikuwa akisimamisha picha ili nisome, nami nikisahau kunywa kahawa ikapoa.

Lakini usiku wa sita tulifika sehemu ya 11, iliyoandikwa na Kate Purdy, na hapo kicheko kilikatika.

Kabla ya kuieleza, niseme habari za nyumbani. Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau, mwaka wa pili sasa. Alianza kwa kupoteza funguo, akafuata kupoteza njia, mwisho akanipoteza mimi. Asubuhi nikimpelekea uji alinitazama, uso ukamwangaza, akasema, "Kaka, umerudi? Bahari ilikuwaje?" Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka thelathini.

Nami kila mara nilimsahihisha. "Mama, mimi ni mwanao. Mjomba alifariki zamani." Mama aliweka bakuli chini, akashika kichwa, akaniuliza kwa nini hawakumwambia. Akalia kama anayelia msiba wa leo. Kufika adhuhuri amesahau. Kesho yake ananiita kaka tena, nami nampa msiba ule ule upya. Nilifanya hivyo miezi mingi, nikijiona mwana mkweli.

Sasa turudi kwenye katuni. Sehemu ile inapita ndani ya kichwa cha mama yake farasi, Beatrice, naye ana ugonjwa huo huo. Wachoraji wameonyesha usahaulifu kwa njia ambayo sijaiona mahali pengine: watu wa zamani wamesimama chumbani bila nyuso, na uso wa mtumishi mmoja umefutwa kwa mistari iliyochorwachorwa kwa hasira. Tunamwona Beatrice akiwa mtoto mgonjwa, baba yake anaamuru vitu vyake vichomwe moto na mwanasesere wake akiwamo. Tunaelewa ukali wake ulikotoka, ingawa hatuambiwi tuusamehe. Maana huyu alikuwa mama mkatili. Alimlea mwanawe akimwambia kwamba ndiye aliyemharibia maisha.

Farasi amempeleka katika makao ya wazee yasiyopendeza. Siku zote alitaka jambo moja: mama yake amtambue, walau dakika moja, ili amtukane naye ajue ni nani anayemtukana. Mwishoni dakika hiyo inakuja. Mama anamwita kwa jina. Anaogopa, anauliza yuko wapi. Na farasi, mwenye haki yote ya kulipiza, anamwambia yuko katika nyumba ya mapumziko ya ukoo wao huko Michigan, usiku wa kiangazi, vimulimuli vinaruka, kaka yake anapiga piano, na yeye anakula aiskrimu. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Kaka huyo alikufa vitani.

Picha ilipokwisha, binti yangu hakusema neno, nami sikumtazama. Nilikuwa nimejitambua. Kumbe nilipokuwa nikimsahihisha mama, sikuwa nikiutetea ukweli. Nilitaka anijue. Nilitaka aseme jina langu, na kwa ajili hiyo nilikuwa tayari alie kila asubuhi. Farasi yule, mlevi, mwenye deni la machungu la kudai, aliliacha deni lake. Mimi, ambaye mama hakunikosea lolote, nilishindwa kuacha jina.

Asubuhi iliyofuata nilipanga kunyamaza, lakini ulimi ukanitangulia, nikamsahihisha kama kawaida. Siku ya tatu ndipo niliweza.

"Kaka, bahari ilikuwaje?"

"Shwari, dada."

"Umepata nini?"

"Changu, na tasi kidogo."

Akatabasamu. "Mpelekee mama wawili." Nikasema nitampelekea. Akanywa uji wote.

Dada yangu hakukubaliana nami. Alisema mama alitulea tusiseme uongo, na sasa nauanzia kwake. Sikuwa na hoja ya kumshinda, na hata leo sina. Ninachojua ni kwamba kilio cha asubuhi kilikoma nyumbani, na kwamba gharama yake niliilipa mimi: tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2019, sikuwa tena mwana wa mama yangu. Nilikuwa kaka yake mvuvi, anayerudi kila siku na habari njema za bahari.

Msimu wa sita, ambao ndio wa mwisho, ulikamilika tarehe 31 Januari 2020. Tuliutazama pamoja, mimi na binti yangu, kwa kashata na kahawa kama kawaida, na yule mbwa akatuchekesha kama kawaida. Wapo waniulizao mzee kama mimi huona nini katika katuni. Huwajibu kwamba napenda kucheka, nayo ni kweli. Hayo mengine huyaacha, maana ningelazimika kuanza na uji, na mjomba, na tasi ambao hawakuvuliwa.