Weusi wa Bahari na Weusi wa Mbingu

Aghalabu anayeanza kuchora hudhani kwamba weusi huletwa na nguvu za mkono. Huishika penseli ile ile ya HB aliyoandikia barua, akaikandamiza mpaka ncha ikavunjika, na anachokipata ni kijivu king'aacho mfano wa risasi. Mkono wake hauna lawama. Sababu imo katika maumbile ya kitu alichokishika.

Grafaiti ni kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo huteleza, ndipo penseli ikaandika. Tena ni bapa, ndipo zikarudisha mwanga. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza, na grafaiti safi ya Borrowdale haipatikani Paris, Nicolas-Jacques Conté alichukua grafaiti ya unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuuni. Tangu hapo ugumu wa penseli ukawa ni suala la kipimo. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu, nayo hupewa alama ya H. Ukipungua, huwa laini na nyeusi, nayo ni B.

Ngazi hiyo hupandwa kwa subira. Msingi hutandikwa kwa 2B, mkono ukiwa mwepesi, kisha hufuata 4B, halafu 6B au 8B, mistari ikipishana juu ya karatasi yenye mparuzo. Mparuzo huo ukishalazwa kwa kukandamizwa, karatasi haipokei tena kitu. Hata hivyo 9B nayo ina ukomo wake: itazame kwa ubavu, utaiona inamemeta kama mgongo wa samaki. Panapotakiwa weusi usiometa, hutumika mkaa, ambao punje zake zimekaa shaghalabaghala na humeza mwanga. Nao sharti utangulie, kwani haushiki vyema palipokwisha kulainishwa na grafaiti.

Vija Celmins, aliyezaliwa Riga mwaka 1938 na kuhamia Marekani akiwa mtoto, alianza mwaka 1968 kuchora bahari kwa penseli, akifuata picha alizozipiga mwenyewe Venice, California. Michoro hiyo haina pwani, haina chombo, haina upeo. Ni mawimbi matupu toka ukingo hadi ukingo. Hapo mng'ao wa grafaiti haukuwa dosari, kwa kuwa maji nayo humeta. Baadaye, alipochora mbingu za usiku, aliushika mkaa, na nyota akazitoa kwa kifutio: kila nyota ni karatasi iliyofunuliwa.

Mkaazi wa kisiwani hahitaji kuhadithiwa tofauti hiyo. Usiku usio na mwezi, bahari ni nyeusi lakini haikuzimika. Hubaki na wiwi la mwanga usiojulikana utokako. Mbingu baina ya nyota na nyota haina hata huo. Ni weusi wa aina mbili, na mstari unaoutenga mmoja na mwengine ndio autafutao nahodha akitaka kujua yuko wapi. Mchoraji anayeutia usiku wote kwa penseli moja, hata akijitahidi vipi, huufuta mstari huo. Ashike grafaiti kwa maji na mkaa kwa mbingu, na upeo utajidhihirisha wenyewe, bila ya kuchorwa.